Samaki wanapigana kwa tanki? Angalia kwanza anayefukuza anageukia wapi

Karibu kila wiki natumiwa video na mtu, mara ni hapa Kisumu, mara ni Nakuru, juzi ilikua Kakamega, na maneno ni yale yale: "Samaki mmoja ameniharibia tanki, nimtoe nani?" Na mimi kabla sijajibu namuuliza swali moja, akimfukuza mwenzake anamwachia wapi? Wengi hawajui, juu hawajawahi kukaa chini waangalie. Wanaona mbio, wanaona mkia umeraruka, wanakimbilia dawa ama wanamtoa yule mkali, alafu wiki ijayo kuna mkali mwingine amechukua kiti chake.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote vuta kiti ukae mbele ya tanki dakika 20. Usiwalishe, usigonge kioo, wape dakika chache wazoee ukiwa hapo. Chagua samaki mmoja tu, yule unadhani ndio mkorofi, umfuate yeye peke yake kwa macho. Utaona moja ya vitu vitatu. Anaweza kufukuza mpaka mahali fulani, tuseme lile jiwe la katikati, akifika hapo anageuka kama amegonga ukuta na anarudi kwake, huyo ana eneo na mpaka wake umeuona. Ama anafukuza tanki nzima, kona hadi kona, na anamfuata yule yule mmoja hata wengine wakipita kando yake hawaangalii, hapo kuna kitu kati ya hao wawili. Ama hakuna anayefukuza mtu, samaki wanachomoka tu wenyewe na kujisugua, na hiyo si vita, hiyo ni maji. Hizo njia tatu zina dawa tofauti kabisa na ukizichanganya utapoteza samaki.

Wanajisugua kwa mawe, wanahema juu, lakini hakuna anayefukuzwa

Naanza na hii juu ndio watu wengi huiita ugomvi. Samaki anachomoka ghafla, anajikwaruza ubavu kwa jiwe, mwenzake anashtuka anakimbia, na wewe uko pale kwa kochi unaona ni vita. Angalia mapezi. Samaki anayepigana anayafungua yote, anajipanua, anafura mashavu ili aonekane mkubwa. Mgonjwa ameyafunga yamelala mwilini kama mwavuli umekunjwa. Ukiona na punje nyeupe kama chumvi kwa mapezi basi ni ule ugonjwa wa punje nyeupe, tibu huo kwanza, mambo ya nani aishi na nani yangoje.

Kama hakuna punje pima maji. Amonia, ile sumu inayotoka kwa uchafu wao, iwe sufuri, naitraiti ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwa hiyo amonia iwe sufuri, naitreti inayobaki mwisho isipite miligramu 40 kwa lita. Tanki mpya inahitaji wiki 4 mpaka 6 ndio bakteria wa filta, wale wanaokula hizo sumu, washike, na mtu akiweka samaki 12 siku ya pili baada ya kujaza maji, hao samaki wataishi na mikojo yao na watakua na hasira na wagonjwa kwa wakati mmoja. Na huku kwetu kuna kitu cha ziada, maji yakiwa moto na pH, kile kipimo cha asidi ya maji, ikiwa juu amonia ile ile inakua sumu zaidi, na siklidi wa Afrika, ile jamii ya samaki ya kina ngege na fulu, tunawaweka kwa pH ya 7.8 kuenda juu, alafu hapa Kisumu jua la Februari linafanya tanki ifike digrii 30 bila hita. Ukiona wote wanahema juu asubuhi na usiku stima ilipotea, usitafute mkorofi, filta ililala na oksijeni ikaisha. Pampu ndogo ya hewa ya betri imeniokolea samaki mara nyingi kuliko dawa yoyote.

Maji ya mfereji yana klorini. Acha yakae kwa ndoo wazi siku moja ama mbili na pampu ya hewa ikipiga, ama utumie dawa ya kutoa klorini. Tuendelee.

Mmoja amekwama juu kwa kona ya filta, hashuki hata chakula kikizama

Huyu amefukuzwa kila mahali na hapo juu nyuma ya paipu ndio wamemwachia. Rangi imefifia, mapezi yamekua mafupi, anakula akibahatika. Ukimwacha atakufa, na hatakufa kwa kuumwa meno peke yake, atakufa kwa kukosa chakula na presha ya kukimbia kila siku.

Sababu ya kwanza ni urefu wa tanki, na nasema urefu, si lita. Fundi wa vioo atakuuzia tanki refu kuenda juu inapendeza sebuleni, lakini siklidi anamiliki sakafu, maji ya juu hayana kazi kwake. Tanki ya futi 2 kwa 1 kwa 1 ni kama lita 54, na konvikti dume, yule siklidi wa Amerika mwenye mistari, akishika chungu kimoja hapo katikati eneo lake linafika vioo vyote vinne. Yaani mwenzake hana pa kuenda. Atafukuzwa kwa kosa gani? Kwa kosa la kuwa kwa hiyo tanki. Ndio maana nilisema uangalie anageukia wapi, kama hageuki popote, labda eneo lake ndio tanki yote. Futi 4 kwa futi 1 na nusu kwa futi 1 na nusu, hiyo ni kama lita 240, hapo sasa unaweza kuongea mambo ya majirani.

Sababu ya pili ni vile umepanga mawe. Wengi wanapanga mawe nyuma ukutani kama rafu ya duka na mbele wanaacha uwanja wa mpira. Ule mkubwa akikaa katikati anaona kila mtu. Unataka kuvunja macho yake. Jenga milima miwili ama mitatu ya mawe kutoka chini hadi karibu na juu, na kila mlima uzibe mwingine, ili samaki akikata kona apotee. Inama uangalie tanki ukiwa umeshusha macho yako pale samaki anakaa. Kama unaona kioo cha upande ule mwingine moja kwa moja, yeye pia anaona.

Mimi natumia vyungu vidogo vya udongo kutoka soko la Kibuye siku ya Jumapili, vile vya kupikia vilivyochomwa bila rangi, natoboa mlango mmoja kwa ubavu na mwingine nyuma. Huo mlango wa nyuma ni muhimu sana, chungu cha mlango mmoja ni mtego, mkubwa anasimama mlangoni na mdogo anakufia ndani. Naviloweka siku tatu nikibadilisha maji. Na mawe yakae kwa kioo cha chini kabisa alafu mchanga ndio umwagwe pembeni yake, usiweke jiwe juu ya mchanga, juu hawa samaki wanachimba usiku kucha na jiwe likianguka linaua samaki ama linapasua tanki.

Sababu ya tatu inashangaza watu, samaki ni wachache. Hii ni ya mbuna peke yake, wale wa mawe wa ziwa Malawi. Ukiweka mbuna watatu mmoja anakua mfalme, wa pili anakua mtumwa, wa tatu anakufa. Ukiweka 15 mpaka 20 kwa ile tanki ya futi 4, mfalme anaanza kumfukuza huyu, anakatwa na yule, anasahau alikua anafukuza nani, na hasira inagawanyika hakuna anayebeba yote. Lakini hiyo inataka filta mara mbili ya ile umeandikiwa kwa boksi na ubadilishe theluthi ya maji kila wiki bila kukosa. Tafadhali usichukue hiyo hesabu uipeleke kwa siklidi wa Amerika kama konvikti, Jack Dempsey ama oskar, hao ukiwajaza unaongeza moto tu, kila peya inataka kiwanja chake.

Mpya aliingia jioni, asubuhi amekufa

Hii iliniuma mimi mwenyewe. Nilikua na dume wa mbuna, samawati mwenye mistari myeusi, amekaa kwa tanki yangu miezi nane na chungu chake upande wa kushoto. Nikanunua labidokromi mmoja wa manjano kutoka duka moja la mjini, wakaniambia huyo ni mpole anaishi na kila mtu, na ni kweli ni kati ya mbuna wapole. Nikamweka saa moja jioni, taa zikiwa bado zinawaka. Alishuka polepole akinusa mchanga, akafika kama kiganja kimoja hivi kutoka kwa chungu, na yule dume akatoka. Hakumuuma mara ya kwanza. Alisimama ubavu kwa ubavu, akatetemeka mwili wote, akapiga maji na mkia nikaona yule wa manjano anasukumwa na yale maji. Nikasema wanasalimiana, nikaenda kulala. Asubuhi nilimkuta nyuma ya filta amelala ubavu, pezi la mgongo limeliwa hadi kwa mwiba na magamba yametolewa upande mmoja wote.

Ile kutetemeka na kupiga maji na mkia ni onyo. Kama yule mpya angekua na pa kuenda angeenda na ingeisha hapo. Hakua anajua tanki, hakua na jiwe, na alikua peke yake.

Siku hizi sifanyi hivyo. Kwanza siingizi mmoja, naingiza watatu kuenda juu, wa ukubwa unaokaribiana na wale wa zamani, maana mdogo sana ataonekana chakula na mkubwa sana ataonekana adui. Pili, kabla hawajaingia nahamisha mawe yote, narudisha kwa mpango mwingine, ili wenyeji nao waamke wakiwa wageni. Samaki anakumbuka mahali, ukibomoa mahali hana cha kulinda usiku huo. Tatu, nawalisha wenyeji washibe, nazima taa, ndio naachilia wageni gizani. Na kama kuna dume najua ni mgumu, namtoa yeye namweka kwa ndoo yenye pampu ya hewa siku mbili tatu, wengine wanagawana mawe, yeye anarudi wa mwisho akiwa ndio mgeni.

Kuna kijana wa Nakuru, kule Section 58, alifanya haya yote na bado wapya wakaumizwa. Nikamuuliza digrii ngapi asubuhi, akasema 20. Nakuru iko juu karibu mita 1,850 na usiku baridi inaingia hadi kwa tanki, sisi huku Kisumu tuko kama mita 1,130 tunapigana na joto. Wapya walikua wametoka duka lenye hita, wakaingia kwa maji baridi wakazubaa chini, na samaki amezubaa ndio anaumwa. Akaweka hita akashika 25, akaelea mfuko wao nusu saa juu ya maji kabla ya kuwaachilia. Wenyeji walikimbizana nao siku mbili wakaacha.

Walikua sawa miezi sita, ghafla vita

Hapa jiulize nini kimebadilika, juu lazima kuna kitu. Mara nyingi ni umri tu. Dukani ulinunua watoto wa sentimita 4, wote wa kijivu, wote marafiki, sasa wamefika sentimita 9 na wamejua wao ni madume. Yule muuzaji hakukudanganya akisema "hawa hawapigani," siku ile walikua hawapigani.

Ama wamepata peya. Konvikti ndio mwalimu wa hii. Angalia kama wawili wanaenda pamoja, wanasafisha jiwe moja ama ndani ya chungu kwa mdomo, wanachimba shimo. Jike wa konvikti anashika rangi ya machungwa tumboni, na watu wanadhani huyo ndio dume juu ana rangi. Wakitaga mayai hao wawili watasukuma tanki nzima kona moja, hata pleko, yule wa kunyonya vioo, wa futi nzima atafukuzwa. Usimlaumu mtu hapo, wanalinda watoto. Unawagawia kioo katikati ama unawahamisha kwa tanki yao, futi 3 inawatosha wakiwa peke yao.

Ama ulimtoa mkubwa. Watu wanafanya hii wakidhani wametatua. Mkubwa alikua amepanga foleni, kila mtu anajua nafasi yake, ukimtoa foleni inaanza upya na wa pili na wa tatu wanapigania kiti, na hiyo vita ya kiti tupu huwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Ukitoa mkubwa toa na mawe, panga upya siku hiyo hiyo.

Ama ni joto. Januari mpaka Machi hapa kando ya ziwa nimeona tanki zilezile zilizotulia zinawaka. Samaki ni wa damu baridi, maji yakipanda kutoka 25 hadi 30 mwili wake unaenda mbio, anataka kula zaidi, kuzaa zaidi, kupigana zaidi, na oksijeni ni kidogo. Funika dirisha linalopiga tanki, ongeza hewa, weka chupa za maji ya barafu zilizofungwa zielee mchana.

Rangi zote ni nzuri na wote wanauana

Ukinitumia picha ya tanki ambayo kila samaki anang'aa, mimi tayari nimejua. Hao ni madume watupu.

Hii nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi pale Dunga. Nilikua nimemwomba aniletee fulu hai, wale samaki wadogo wa ziwa ambao watu wa omena wanawaona hawana maana, na akaja na ndoo. Ndani kulikua na kama kumi hivi. Wanne weusi, mapezi mekundu, wamejaa madoa ya machungwa kwa pezi la chini karibu na mkia, wengine wote wa kijivu kama mchanga. Nikamwambia, "Mzee, nipe hawa wanne, hao wa kijivu urudishe tu." Akaniangalia, akasema, "Kijana wangu, hawa bila mama zao watamalizana." Nikabeba wanne. Ndani ya wiki mbili nilibaki na mmoja.

Kwa fulu karibu wote, na kwa wengi wa Malawi pia, dume ndio ana rangi na jike ni wa kijivu ama kahawia. Dukani wa kijivu hanunuliwi, kwa hivyo hata hawaletwi. Unanunua rangi, unanunua vita. Chukua dume mmoja na majike watatu ama wanne wa aina yake, ndio jike mmoja asibebe usumbufu wote, maana dume anayetaka kuzaa akiwa na jike mmoja tu atamkimbiza hadi afe. Na ukiona jike mashavu yamejaa, taya limeshuka, hali chakula, usimpe dawa, ana mayai mdomoni. Atakaa hivyo kama wiki mbili na nusu hadi tatu. Ni huyo ndio anahitaji kona tulivu sasa.

Kuna jambo la rangi ambalo lina maana kwa kuchagua majirani. Yuko fulu wa upande wa Mwanza ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la Mwalimu Nyerere, nyererei, alipewa mwaka 1985, dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na kwa mawe yaleyale kuna ndugu yake wa samawati. Watafiti waliona dume mwekundu anashambulia mwekundu mwenzake kuliko anavyoshambulia wa samawati. Samaki anaangalia anayefanana naye, huyo ndio mpinzani wa chakula chake, jike wake na jiwe lake. Kwa hivyo ukichagua majirani usichague wanaofanana: kama tayari una dume wa samawati mwenye mistari, wa pili awe wa manjano, wa tatu awe na umbo lingine kabisa. Hii inafanya kazi hata kwa wale wa mbali na siklidi. Ile shaki nyeusi yenye mkia mwekundu, weka mmoja tu kwa tanki, wakiwa wawili mmoja hufa. Na faita, yule wa Thailand, haoni gurami kama gurami, anaona faita mwenzake.

Na tafadhali usiweke aina mbili za fulu ambao majike yao huwezi kutofautisha. Watazaana na utapata watoto ambao si hawa wala si wale. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba hata ziwani kwenyewe maji yakichafuka majike wanashindwa kuona rangi za madume na aina zinaanza kuchanganyika. Ziwa limeshapoteza fulu wengi sana tangu mbuta ajae miaka ya 80, wale tulionao majumbani tusiwaharibu.

Mkia umeraruka, ni meno ama ni kuoza?

Mwangaze na tochi ya simu. Meno yanaacha pengo, kipande kimetoka kama biskuti imeumwa, ukingo ni safi, na mara nyingi ni samaki mmoja tu ameumia. Kuoza kunaanza kwa ncha, ukingo una utando mweupe ama mweusi, na utaupata kwa samaki wawili watatu hata wale hawafukuzwi. Meno unatibu kwa kupanga tanki, kuoza unatibu kwa kubadilisha maji kwanza, alafu dawa ikibidi. Shida ni vile pengo la meno lisipopona kwa maji machafu linageuka kuoza, kwa hivyo ukiona vyote viwili anza na maji.

Kuna meno mengine hayatoki kwa mkorofi wako. Pleko mkubwa mwenye njaa anaweza kubandika mdomo ubavuni mwa samaki mpana asiye na mbio, kama oskar ama goldifishi, na kunyonya ule ute. Unaona alama ya mviringo. Mpe mboga usiku, kipande cha tango ama kaboji iliyochemshwa kidogo, na kama ameshaonja ute mtenganishe.

Wadogo wanapungua na sioni mzoga

Wameliwa. Sheria ni moja, kinachoingia mdomoni kitaingia. Neoni tetra kwa oskar hakuna hata cha kufikiria, na oskar anauzwa kama kidole na anafika sentimita 30, anataka lita 280 akiwa peke yake. Enjeli pia, watu wanamwona mpole, lakini enjeli mkubwa anakula neoni.

Tumbo limevimba, ametoka kula vizuri tu

Hili si la kupigana lakini ni la kuchagua majirani vibaya. Mbuna wengi kwa asili wanakwangua mwani kwa mawe, utumbo wao ni mrefu. Ukiwachanganya na samaki wa nyama, wale pikoki wa Malawi au oskar, ukarusha minyoo na moyo wa ng'ombe kwa sababu ya hao wengine, mbuna wanakula pia na wanavimba, wanaacha kula, kinyesi kinakua cheupe kama uzi. Walishe kitu cha majani, kama spirulina. Kama unataka aina mbili zisizokula sawa, mmoja wao hana nafasi.

Na huyo mmoja hashikiki, nimfanye nini?

Wako. Nimefuga dume wa auratus, mbuna mmoja mkali, ambaye hakuna mpango ulimtosha, na sikumchukia, ndio alivyo. Mrudishe dukani wambadilishe, ama mpe mtu wa tanki kubwa, ama umwekee yake. Lakini usimwage mto Kisat, usimwage Auji, usimpeleke ziwani ukisema huko ni kwao. Si kwao. Mbuta naye aliletwa na mtu, na tunajua fulu walifanyiwa nini.

Kama huna tanki ya pili, pima upana wa ndani ya tanki, ukatiwe kipande cha plastiki ngumu ya kuona, toboa matundu madogo mengi na msumari moto ili maji yapite, kisimamishe katikati ya mawe. Anawaona, wanamwona, hawafikiani. Wiki mbili. Alafu siku ya kutoa, badilisha maji mchana, geuza mawe yote, walishe, zima taa, ndio uvute ile plastiki. Kesho yake asubuhi mapema rudi na kile kiti.